Nani Atakukanda?

"Mwanamke aliyejifungua jana ni wa wapi?"

Swali hilo niliulizwa na Bi Saada siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijapata pa kuweka mkoba. Nilijibu haraka, kama mtu aliyemaliza chuo kikuu mwezi uliopita: ni wa shehia anayokaa. Bi Saada akanitazama juu ya miwani yake.

"Anayokaa lini?"

"Leo," nikasema.

"Leo yuko wodini."

Nikatafuta pa kuweka mkoba. Yeye akarudi kuchonga penseli yake. Kwa miezi mingi baadaye niliendelea kudhani kwamba halikuwa swali hasa, ni mama mtu mzima wa masjala anamtania mgeni.

Naandika haya kwa sababu nimestaafu. Watu hucheka nikisema hivyo, maana nina miaka thelathini na tatu na meno yote yamo kinywani. Lakini kazi niliyoajiriwa kuifanya imekwisha, mradi umefungwa, mfumo umekabidhiwa, na nyinyi mlioupokea mmeshaniandikia mkiuliza kwa nini kanuni ya kwanza kabisa ya kuwagawa wazazi inauliza habari za kukandwa. Mmoja wenu aliuliza kwa adabu kama ni makosa ya uchapaji. Si makosa. Ila jibu lake ni refu, na lazima lianze nilipoanza mimi.

Mradi wetu uliwafuatilia wanawake wa Unguja baada ya kujifungua. Mzazi akijifungua salama huruhusiwa kutoka wodini baada ya siku moja au mbili, na baada ya hapo lazima mtu amfuate nyumbani: siku ya tatu, siku ya saba, na kadhalika. Wanaomfuata ni wahudumu wa afya wa mitaani, kila mmoja na eneo lake. Kazi yangu ilikuwa kuifanya kompyuta imtie kila mzazi katika kundi la mhudumu wake, yenyewe, bila mtu kukaa na kalamu. Kazi hiyo haina jina kwa Kiswahili wala kwa lugha yoyote anayoielewa mama yangu, kwa hiyo aliwaambia majirani zetu wa Bububu kwamba mimi ni daktari wa kompyuta. Nikawa naletewa simu zilizoingia maji.

Ofisi yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, katika nyumba yenye kuta nene kiasi cha kutopitisha mtandao. Kila nilipotaka kutuma kitu ilibidi nisimame dirishani na kuitoa mashine nje kidogo. Muuza kahawa aliyekuwa akikaa kichochoroni chini akaanza kuamini kwamba ninamtazama yeye.

Chombo nilichokuja kukiondoa kilikuwa daftari la Bi Saada. Lilikuwa kubwa, la jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha kanga. Alikuwa ameandika humo wazazi kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Jina la mama kwa wino, jina la mumewe kwa wino, shehia kwa wino. Kisha pembeni, kwa penseli, mahali pengine: Kidichi, Makunduchi, Paje, "kwa Bi Fulani nyuma ya msikiti." Baada ya muda maandishi yale ya penseli yalifutwa kwa raba, na karatasi ikabaki na kivuli cha kijivu.

"Kwa nini penseli?" nilimuuliza.

"Kwa sababu jina la mahali linafutika."

"Na kwa nini lifutike?"

"Kwa sababu linakwisha."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba habari inayofutwa ni habari iliyoharibiwa. Pia nilikuwa nimefundishwa kutilia shaka kila kitu, isipokuwa, kama nionavyo sasa, kile nilichofundishwa. Nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba daftari lina sehemu mbili za makazi zinazopingana, na moja kati yake haithibitiki. Katika mfumo mpya nikaweka sehemu moja tu, inayojazwa moja kwa moja kutoka kwenye kitambulisho. Daftari likaingia kabatini. Bi Saada hakubisha. Alinipa ufunguo wa kabati na kuniambia, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Kwa wasioujua mfumo, nieleze kidogo. Kanuni ni sentensi yenye "ikiwa" na "basi." Ikiwa shehia iliyo kwenye kitambulisho ni hii, basi mtumiaji aingie kundi hili. Mfumo uliwaita wote watumiaji: muuguzi, mhudumu, mzazi, hata kichanga cha siku moja ambacho hakijatumia chochote ila maziwa. Kila alfajiri ulipitia majina yote, ukajaribu kanuni moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza iliyokubali ndiyo iliyoshinda. Mpangilio huo muuchunge sana. Niliwahi kupoteza wiki nzima kwa sababu kanuni pana niliiweka juu ya kanuni nyembamba, na wazazi wa pacha wakawa wanamezwa na kundi la kawaida kabla hawajalifikia la kwao.

Kulikuwa na visa vingine vya mwanzo vilivyonifurahisha. Mhudumu mmoja wa Bububu alijifungua mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mkazi wa eneo lake la kazi, kanuni ikamtia katika kundi lake mwenyewe. Siku ya tatu kishikwambi chake, ile kompyuta bapa ya mkononi tuliyowapa wahudumu, kikamwambia aende akajitembelee. Akabonyeza "Nimemuona." Nilimpigia simu kumuuliza, akasema, "Si nimejiona kwenye kioo? Au mlitaka nipige hodi?" Nikaaga. Hakudanganya.

Kisa kilichobadilisha kila kitu kilianza na kanuni ambayo niliionea fahari. Kila mhudumu alikuwa na vitufe viwili tu: "Nimemuona" na "Hayupo." Nikatunga kwamba mzazi akikosekana mara tatu, mfumo umtoe katika kundi la mhudumu na kumpeleka katika kundi liitwalo Waliohama. Orodha za wahudumu zikawa safi, fupi, hazina majina ya watu wasiopatikana. Mkubwa wa mradi alifurahi na kunitaja mkutanoni. Hakuuliza nani anatazama kundi la Waliohama. Hata mimi sikujiuliza. Hakukuwa na mtu.

Miezi michache baadaye nililifungua kundi hilo kwa udadisi tu, kama mtu anavyofungua droo. Lilikuwa limejaa. Lilikuwa kubwa kuliko kundi lolote lingine. Nikakaa nikijiuliza: kwa nini wanawake wa Unguja wanahama nyumba wiki ileile wanayojifungua? Niliandika nadharia zangu kwenye karatasi. Ya kwanza, wenye nyumba hawataki kelele za vichanga. Ya pili, vitambulisho vimepitwa na wakati. Ya tatu, wahudumu hawaendi, wanabonyeza "Hayupo" wakiwa wamekaa kwao wanachambua mchele. Hiyo ya tatu niliipigia mstari. Naandika haya ili muone nilikuwa mtu wa namna gani. Mimi ni mtoto wa Bububu, nimezaliwa kisiwani, na swali lile nililichukulia kama fumbo la hesabu.

Asubuhi iliyofuata nikamfuata Bi Mwanakombo, mhudumu wa mtaa mmoja wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ambaye orodha yake ilikuwa na "Hayupo" nyingi kuliko wote. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye vespa ya kijani aliyoiendesha kama amekalia kiti cha sebuleni. Nikamwambia nataka kufuatana naye.

"Unataka kuona kazi," akasema, "au unataka kuona kama nafanya kazi?"

"Yote mawili."

"Angalau husemi uongo. Panda. Kusanya buibui lako lisinase kwenye gurudumu."

Jina la kwanza tulilochukua kwenye Waliohama lilikuwa la mzazi aitwaye Zuhura, mimba ya kwanza. Pembeni ya jina lake palikuwa na alama nyekundu. Alama hiyo ilimaanisha kwamba presha yake ilipanda karibu na kujifungua, na kwamba lazima apimwe siku ya tatu na mara kwa mara baada ya hapo, kwa sababu presha ya namna hiyo inaweza kurudi mzazi akiwa ameshakwenda nyumbani, na ikirudi kwa nguvu huleta kifafa, na kifafa huua. Siku ile ilikuwa ya sita. Hakuna aliyempima tangu atoke wodini.

Nyumba haikuwa mbali. Mlangoni palikaa mama mmoja, Bi Kazija, mama wa mume wa Zuhura, anachambua mchicha. Tukamwamkia.

"Marahaba. Mwanakombo, umerudi tena? Mara ya ngapi hii? N'shakwambia huyu mtoto hayupo."

Bi Mwanakombo akanigeukia. "Umesikia? Mara ya ngapi?"

"Amehamia wapi, mama?" nikauliza.

Bi Kazija akaacha mchicha. "Amehama? Nani amesema amehama? Nguo zake zimo ndani, mumewe ni wa hapa, kitanda chake ni hiki hapa. Yuko kwao."

"Kwao?"

"Kwao, kwa mama yake! Kenda kuzaa." Akanitazama kuanzia mtandio hadi viatu. "Kwani wewe mwanangu ni wa wapi? Mtoto wa kwanza atakaa arubaini kwa mkwe? Nani amkande? Miye? Kiuno changu chenyewe kinataka mkandaji!"

Bi Mwanakombo alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilihisi uso unawaka. Kwa sababu nilikuwa nalijua jambo hilo. Kila mtu analijua. Dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza alirudi kwetu, akalala chumbani mwangu siku arubaini, nikafukuzwa nikalale ukumbini, nikanusa udi na maji ya moto ya majani hadi nikachoka. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwa bibi yangu. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua mzazi wa kwanza anakwenda wapi, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniambia niliandike. Mimi nilikuwa nalijua kama mtoto wa nyumbani, na nilipokaa mbele ya mashine nilikuwa mtu mwingine ambaye halijui.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Bi Mwanakombo.

"Ningekwambia wapi? Umenipa vitufe viwili. Kuna cha 'Yuko kwao'? Zamani nilikuwa nakwenda kwa Bi Saada, naye anakuwa kashaandika, kashampelekea mwenzangu wa huko. Ukaja ukatwambia karatasi basi. Tukakuuliza, ukasema mfumo utajua wenyewe."

Ndivyo nilivyosema. Nilisimama mbele yao ukumbini siku ya mafunzo nikasema maneno hayohayo.

"Kwao ni wapi?" nikamuuliza Bi Kazija.

"Kidichi."

"Kidichi sehemu gani?"

"Kidichi kwao! Miye nilikwenda siku ya harusi tu, ndani ya gari, na vigelegele, na watu wamenikalia mapajani. Njia nimeiona wapi?"

Mwanawe, mume wa Zuhura, alikuwa Pemba kwa kazi ya ujenzi, na simu yake, ambayo ndiyo namba pekee iliyokuwamo kwenye mfumo wangu, haikupatikana. Tukajaribu mara tatu. Kidichi si kichochoro. Ni mashamba yaliyotawanyika, mdalasini na mikarafuu, nyumba moja huku na nyingine kule. Nikafanya nililopaswa kulifanya mapema. Nikampigia Bi Saada.

"Shikamoo, Bi Saada."

"Marahaba. Kompyuta imezimika?"

Nikamweleza. Hakunikemea, na ningependa zaidi angenikemea. Akauliza jambo moja tu: "Nani anamkanda?"

Sikuelewa. Nikalirudia swali kwa sauti, na Bi Kazija, ambaye hakujua njia wala nyumba, akajibu bila kuinua macho kwenye mchicha wake: "Anamkanda Bi Mwatima wa Bububu. Si ndiye alomkanda mama yake?"

"Basi," akasema Bi Saada kwenye simu. "Nendeni kwa Mwatima. Mimi nampigia daktari wa zamu."

Kwa mgeni wa visiwani niseme kwamba mzazi hapa hukandwa kwa maji ya moto, kila siku, na mwanamke mtu mzima anayeijua kazi hiyo. Sitabishana hapa kama inafaa au haifai. Niliwahi kubishana na madaktari na nikashindwa, kisha nikabishana na wakandaji na nikashindwa tena. Lililonishangaza siku ile ni jingine. Bi Mwatima tulimkuta uani kwake, mwembamba, mikono mikubwa, anaanika vitambaa. Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba ile maisha yangu yote. Tulipotaja jina la Zuhura hakufikiri hata kidogo.

"Nshamkanda leo asubuhi. Nnao wanne sasa hivi. Huyo, na mmoja Kianga, na wawili hapahapa. Huyo wenu kichwa kinamuuma tangu juzi. Namwambia mama yake, mtoto huyu macho yake siyapendi, anafumba kama jua limemchoma naye yumo ndani. Mama yake anasema ni usingizi."

"Ameona vimulimuli?" Bi Mwanakombo akauliza, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka.

"Hivyo hasa. Kasema anaona nzi wa moto."

Nilisimama pale, na katikati ya hofu yangu nikawa nahesabu. Wanne, wote kwa majina, kila mmoja mahali alipo asubuhi ileile, pamoja na dalili zao. Mwanamke huyu alikuwa na kundi. Hakulitunga kwa kanuni yoyote niliyoijua, na hakukuwa na hata mmoja ndani yake aliyehama.

Bi Mwatima akakaa nyuma ya Bi Mwanakombo kwenye vespa kutuonyesha njia, mimi nikabaki kuchukua bodaboda na kuwafuata. Nilipofika, Zuhura alikuwa ameketi kitandani katika chumba chenye giza, mgongo ukutani, ameshika paji la uso. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Bi Mwanakombo alifunga mashine ya presha mkononi mwake, akatazama, akaifungua, akaifunga tena mkono wa pili. Alinigeuzia kioo nisome mwenyewe. Namba ya juu ilikuwa imepita mia na themanini.

Mama yake Zuhura alisimama mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga. "Si atakunywa uji kwanza?" akauliza.

"Atakunywa akirudi, dada yangu," Bi Mwatima akamwambia. "Tafuta gari."

Gari lilipatikana kwa jirani, pikapu la kubebea viungo, limejaa harufu ya mdalasini. Zuhura alikaa mbele kati ya dereva na Bi Mwanakombo. Mimi nilikaa nyuma na mama yake, na kwa kuwa mama yake alikuwa ameshika vifurushi vya nguo kwa mikono yote miwili, kichanga kikawekwa mikononi mwangu. Sikuwa nimewahi kushika kichanga kabla ya hapo, hata cha dada yangu. Kilikuwa cha siku sita, kimelala, na katika mfumo wangu kilikuwa mtumiaji aliyehama.

Daktari alikuwa akitusubiri mlangoni mwa hospitali kwa sababu ya simu ya Bi Saada. Wakamchoma sindano, wakamlaza, wakamtazama. Kulikuwa na saa moja ambapo muuguzi alipita mbele yetu mara nyingi na hakututazama usoni. Nilikaa kwenye benchi nikifikiri kwamba kama mwanamke yule atakufa, hakuna atakayenilaumu, kwa sababu kwenye kompyuta kila kitu kilikwenda sawasawa. Kila kanuni ilifanya nilichoitaka ifanye. Kuelekea alasiri daktari akatoka na kusema kifafa hakikuja na presha inateremka. Mama yake Zuhura akaniambia nimpe mjukuu wake, maana nilikuwa nimemshika kama sinia.

Kesho yake nililitoa daftari kabatini na kulirudisha mezani kwa Bi Saada. Alilifungua, akatafuta ukurasa, akaanza kuchonga penseli. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza tangu mwanzo.

"Nilikuuliza swali," akasema. "Hukulijibu, wala hukurudi kuniuliza jibu lake. Nikajua unalijua."

Sasa sehemu mnayoihitaji nyinyi. Nilianza kurekebisha kwa kuongeza swali wakati mzazi anaporuhusiwa: "Utakaa wapi siku arubaini?" Likashindwa. Wengine walijibu "Inshallah" na kunyamaza, kwa sababu mtu hatangazi mahali pa kichanga mbele ya foleni ya watu wasiojulikana. Wengine walitaja nyumba ya mume kwa kuwa mume alikuwa amesimama hapo na mkoba. Wengine walikuwa bado hawajakubaliana nyumbani. Nikalibadilishia maneno, nikalibadilishia mpangilio, halikusaidia.

Bi Saada akaniacha nihangaike wiki mbili. Kisha siku moja akaja dirishani nilipokuwa natoa mashine nje kutafuta mtandao, akasema, "Muulize nani atakukanda."

Nikalijaribu mwenyewe wodini. Walijibu papo hapo, bila kusita, hata wale wenye haya: Bi Mwatima, Bi Tatu wa Makunduchi, shangazi yangu Paje. Swali lile halikuwa la anuani na halikuwa la siri. Ni kama kumuuliza mtu nani fundi wake wa nguo. Na mkandaji ana eneo lake, hawezi kutembea kisiwa kizima na sufuria la maji ya moto, kwa hiyo ukimjua yeye umejua mzazi yuko wapi.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza mnayoiona. Ikiwa mkandaji anajulikana, basi mzazi aingie kundi la eneo la mkandaji huyo. Baada ya siku arubaini humrudisha katika shehia yake. Hiyo ndiyo raba. Kundi la Waliohama nililifuta. Asiyeingia kanuni yoyote huenda katika kundi liitwalo Bado, na kundi la Bado lina jina la mtu anayelitazama kila asubuhi. Lilikuwa langu. Tafadhalini, msiache likakaa bila jina la mtu.

Kanuni hiyo nayo ina kasoro zake, na msiamini mtu atakayewaambia haina. Tulikuwa na wazazi wengi wa Ng'ambo ambao wazee wao walitoka bara, na wengine kati yao hawana desturi hiyo. Mama mmoja mwenyeji wa Mwanza alinijibu, "Mimi? Nitajikanda mwenyewe." Nikaongeza swali la pili: "Nani atakupikia uji?" Hilo lilifanya kazi kwa Waislamu na Wakristo, wa mjini na wa shamba. Bado sijui kwa nini watu husema ukweli kuhusu uji.

Tuliwakusanya wakandaji, tukawafundisha dalili za hatari, nao wakatufundisha nyingine ambazo hazimo kwenye vitabu vyetu, kama ile ya macho. Bi Mwatima aliuliza, "Na miye n'meingia ndani ya kompyuta?" Nikamwambia amo. Akataka kuona. Nikamwonyesha jina lake, akalitazama sana, akasema, "Mbona liko peke yake? Waandike na wenzangu waliokufa. Wao walianza." Sikuweza kufanya hivyo, mfumo hauruhusu kundi lenye mtumiaji aliyefariki. Nilijaribu, mjue hivyo.

Bi Saada alistaafu kabla yangu, kwa njia ya kawaida, kwa umri. Aliondoka na kipande cha kanga, daftari akaliacha.

Mwaka wangu wa mwisho Zuhura alikuja wodini kwa mtoto wa pili. Mara hii hakwenda kwao. Alikuwa na jiko lake na mawazo yake, na mkandaji wake akamfuata Ng'ambo, kasoro nyingine ya kanuni yangu. Alinikumbuka kwa namna nilivyomshika mwanawe. Tulikaa kwenye benchi tukazungumza, nami, kwa kuwa siwezi kuacha kuuliza, nikamuuliza siku zile sita alikuwa akifikiri nini, na kwa nini hakumwambia mtu yeyote wa hospitali.

Akasema alimwambia mtu. Siku ya nne kichwa kilimzidi. Mama yake alipokuwa kisimani, Zuhura alimfunga mtoto kwa kanga na kutoka nje ya nyumba akiwa ndani ya arubaini, jambo ambalo kwao ni aibu kubwa, na ndiyo maana mama yake alipojua aliwakataza wote wasilitaje mbele yetu. Alitembea kutoka Kidichi, akipumzika chini ya kivuli kila hatua chache, hadi kwenye kituo kimoja cha afya cha njiani. Muuguzi alimkaribisha vizuri. Alikuwa na mashine ya presha mezani. Lakini nilikuwa nimewafundisha wauguzi wote wasimhudumie wala kumfungulia faili jipya mzazi aliyekwisha andikishwa kwingine, ili majina yasijirudie, na nilikuwa nimeuwekea mfumo kanuni kwamba kila kituo kione watu wa kundi lake tu. Muuguzi aliandika jina la Zuhura, akasubiri, akaliandika mara ya pili polepole, huku Zuhura akiwa amesimama mbele yake. Mara zote mbili skrini ilijibu kwa sentensi niliyoitunga mimi: Mzazi huyu si wa kundi lako.